Jina la Mama Hewani

Jumamosi, 2 Novemba

Wiki moja ya ndoa. Nikiamka nageuka kwanza kuangalia kama kweli yupo, na yupo, Octavian wangu, amelala mdomo wazi kidogo kama mtu aliyekatishwa katikati ya sentensi. Ningeweza kumtazama mpaka jua lifike dirishani. Sikuachiwa. Shangazi yake, Apolinaria, aligonga mlango kwa mpini wa ufagio akauliza kama Kigwa kwetu watu huamka saa hizi. Alikuja kwa ajili ya harusi. Harusi imekwisha, yeye hajaondoka, na sebule yote ya nyumba yetu hapa Kanyenye ameifanya chumba chake.

Mchana nilikwenda uwanjani kumsikiliza mume wangu. Huo uwanja kiangazi chote ni wa mpira wa miguu. Wenye mpira wakikimbia matope, ndipo wenye kriketi wanaachiwa, kwa hiyo ligi yetu inachezwa masika, na kila mtu anaiona ni ya wendawazimu. Octavian hukaa kwenye dawati la shule chini ya turubai, kipaza sauti cha Redio Igembe mkononi, akimfanya mtu asiyeujua mchezo auone. "Mrushaji anakuja, anakuja, ameuachia. Mpigaji ameukataa kwa kibao chake. Vijiti vyake vitatu anavyovilinda bado vimesimama nyuma yake, kama watoto nyuma ya mama yao mbwa akipita." Mwili ulinisisimka wote. Nilitaka kuwaambia waliokaa karibu nami kwamba sauti hiyo asubuhi iliniomba chumvi.

Jumanne, 5 Novemba

Nayaandika maisha yake, maana najua siku moja watu watayataka.

Alizaliwa Bukene, baba yake akifanya kazi reli. Baba alipofariki akapelekwa Dar es Salaam kwa mjomba, kwenye nyumba iliyopakana na uwanja wa kriketi. Aliujua mchezo kwa masikio kabla ya macho: alisikia mpira ukigonga kibao ng'ambo ya ukuta, akawa anajitungia kilichotokea. Alipokua akawa anaandika magazetini. Ripoti zake zilikatwa hadi zikawa mistari mitatu chini ya matangazo ya viwanja vinavyouzwa, na mhariri mmoja akamwambia kriketi haina msomaji, akaandike ngumi. Akarudi Tabora kwa hasira. Hapa siku za kazi anasoma vifo, salamu na bei ya mpunga, na Jumamosi anapewa kriketi kwa sababu hakuna kipindi kingine cha kuweka.

Wanamtukana. Jana msikilizaji alipiga simu hewani akauliza ni mazishi ya nani yanayotangazwa kila Jumamosi bila kutajwa marehemu. Octavian alicheka. Mimi sikucheka. Ningemjua huyo mtu ningempitia bila salamu mpaka azeeke.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua haikunyesha. Alinipungia mkono kutoka chini ya turubai, watu wakaona.

Jumatano, 13 Novemba

Shangazi ameonja mlenda wangu akaumwagia kuku. Kuku wameula.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo mvua kubwa. Nilikuwa nyumbani napiga pasi, redio imewashwa. Wachezaji walikimbilia madarasani, na Octavian akabaki peke yake na kipaza sauti. Mvua ikisimamisha mchezo, mtangazaji hana ruhusa ya kusimama. Bwana Dionis, mkurugenzi wa Redio Igembe, alishamwonya: akinyamaza wataweka muziki, na muziki ukiingia hautoki. Kwa hiyo mume wangu akaongea. Aliongea habari za mawingu, za treni inayochelewa, kisha akaingia kwenye harusi yetu.

Alisimulia jinsi walivyofika kwetu Kigwa kunichukua, na mama yangu akasimama mlangoni, mikono ameitanua huku na huku. Ni kawaida upande wa bibi harusi kuziba mlango kidogo kwa mzaha, ila Mama hakufanya mzaha. Alitaka asalimiwe kwa heshima na kila mmoja, na mpaka aliposalimiwa na wa mwisho hakusogea. Octavian aliieleza vizuri mno, niliiona upya. Kisha akasema, "Huyo ndiye Kabula. Kabula mlangoni, hapiti mtu."

Mvua ilipokatika akaingia kupiga Mwalimu Wenceslaus, yule wa hesabu ambaye hapigi mpira mbali hata siku moja, kazi yake kuuzuia tu. Octavian akaanza: "Kabula yuko mlangoni. Mpira umekuja, ameuzuia. Umekuja tena, Kabula hana habari na mtu." Nilicheka mpaka nikaiweka pasi chini.

Shangazi Apolinaria hakucheka. Aliuliza, "Amemtaja nani?"

Ndipo nikaacha kucheka. Kwetu mkwe wa kiume halitamki jina la mama mkwe wake. Akiwa na dada mwenye jina hilo hilo, atamtafutia dada yake jina lingine. Octavian anajua. Siku ya harusi, mshereheshaji alipomuuliza jina la mama yangu, alininyooshea mimi mkono niseme. Na leo amelitamka kwa mkoa mzima, mara ngapi sijui.

Octavian aliporudi, shangazi alimvaa akiwa bado mlangoni na viatu vya matope. Alimwambia amemvua nguo mkwe wake. Octavian akavua viatu taratibu, akasema, "Aliyetaja ni mtangazaji, Shangazi. Mkwe ndiye huyu anaingia kula."

Nilimwona ana akili sana. Shangazi alitema mate uani.

Jumanne, 19 Novemba

Dereva wa bodaboda aliyezibiwa njia na mkokoteni pale sokoni amepiga kelele: Kabula, toka mlangoni. Nilishika kikapu changu nikapita.

Jumamosi, 23 Novemba

Ameliita tena. Watu waliokuwa wanatukana sasa wanapiga simu kuuliza kama Kabula anacheza leo. Wanajaa uwanjani. Wanaume ambao hawajui ova ni mirusho mingapi wanasimama mvuani wakisubiri Mwalimu Wenceslaus aingie, na akiingia wanaliimba jina la mama yangu.

Nilimwambia mume wangu wakati wa kula kwamba ingefaa atafute jina lingine. Alinishika shavu. Alisema kwa miaka yote hakuna aliyemsikiliza, na sasa wamefungua masikio, nami nataka ayafunge? Alikuwa mzuri sana akisema hivyo, na amechoka. Nikamwongezea mboga.

Jumatano, 4 Desemba

Siandiki vizuri kwa hasira.

Mwanamke wa jumuiya yetu ya Kigwa amekuja mjini kuuza kuku, akapita kwangu. Anasema wiki iliyopita Mama alikwenda mashineni kusaga. Watu ni wengi, akasimama kwenye mlango wa mashine kusubiri zamu yake. Mwanamume mmoja aliyetaka kutoka na debe lake akasema kwa sauti ya redio, "Kabula mlangoni, hapiti mtu." Mashine nzima ikacheka, mpaka msagaji akazima mota ili acheke vizuri. Mama aliuacha mtama wake pale pale, akatembea kwenda nyumbani. Jumapili hakuonekana kanisani. Kwenye jumuiya hakuonekana. Watoto wanapita nje ya uzio wakiimba.

Nilimweleza Octavian yote. Alisikiliza, naye akaona haya, niliona kabisa, akainamisha kichwa. Aliniahidi hatalitaja tena.

Jumamosi, 7 Desemba

Amelitaja. Anasema uwanja uliliimba kwanza, asingeweza kujifanya hasikii. Alisema mtangazaji anayeficha kinachotokea uwanjani ni mwongo. Nikamuuliza na mume anayevunja ahadi ni nani. Akawasha redio kusikiliza taarifa ya habari.

Shangazi Apolinaria alikuwa anasikia. Alisema, bila kuniangalia, kwamba hata marehemu kaka yake alikuwa hivyo hivyo, anasema na watu wote isipokuwa wa nyumbani. Bado simpendi.

Jumapili, 8 Desemba

Kaka yangu Shigela amekuja. Tangu Baba afariki yeye ndiye anayesimama kwa mambo ya nyumba. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Hakukaa.

Octavian alijaribu kumchokoza kama mashemeji wanavyochokozana siku zote, akajiita mwizi wa dada yake. Shigela akasema, "Utani ni wangu na wako. Mama hayumo."

Kisha akatoa neno la wazee. Octavian aende Kigwa. Akae uani mbele ya nyumba, bila kiti, asiseme neno hata moja kwa mtu yeyote mpaka Mama mwenyewe atoke amsalimie. Mama akimsalimia, limekwisha. Asipokwenda, mimi nirudi nyumbani, na mambo mengine watazungumza wazee.

"Nisiseme neno kabisa?" Octavian aliuliza.

"Kabisa."

"Asipotoka siku nzima?"

"Ulimtangaza siku ngapi?"

Shigela aliondoka bila kunywa chai. Niligombana na mume wangu mpaka majirani wakaacha kutwanga. Alisema ndugu zangu ni washamba wanaogopa redio. Nikamwambia hao washamba walimpa mke. Alisema Bwana Dionis ana barua kutoka kituo kimoja cha Dar es Salaam, wamemsikia, wanataka kumjaribu, na mimi namletea habari za kukaa chini uani kama kuku. Nilimwambia akienda Dar kabla ya Kigwa, asinitafute.

Baadaye alikuja jikoni akaniambia atakwenda. Nililia kwa furaha kwenye shati lake. Huyu ndiye niliyeolewa naye.

Jumapili, 15 Desemba

Nataka kuandika kila kitu, sitaki kipotee hata kimoja.

Tulipanda basi la Kigwa asubuhi. Njiani alikuwa tayari amenyamaza, anajizoeza. Tulipofika aliingia uani akaketi chini, mbele ya mlango ambao Mama alisimama siku ya harusi. Mlango ulikuwa umefungwa. Mimi niliruhusiwa kuzunguka nyuma, jikoni. Mama alikuwa ndani anachambua maharage, hakuniuliza kitu.

Watu walikuja kuangalia. Wengine walimsemesha makusudi wamharibie. Mmoja alimwuliza matokeo ya kriketi. Vijana walikaa juu ya uzio wakatangaza kwa sauti yake: Octavian amekaa, Octavian anakohoa. Nilitamani kuwarushia mawe. Yeye alitazama ardhi. Mvua ikaja, wao wakakimbia, yeye akabaki. Maji yalimpita miguuni yakawa mekundu, suruali yake ya harusi ikashika tope mpaka kiunoni, na midomo yake ilikuwa inatikisika. Nilijua anataka kusema. Mtu aliyeishi kwa kusema, na alinyamaza kwa ajili ya mama yangu, kwa ajili yangu. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni nikampenda mpaka nikaumwa kifua.

Jua likikaribia kuzama Mama aliweka ungo chini. Alijifunga khanga ya pili, akafungua mlango, akasimama umbali ule ambao mkwe hapaswi kuuvuka, akaangalia pembeni kama ilivyo heshima, na akamsalimia kwa Kinyamwezi. Octavian aliitikia. Sauti ilitoka imekauka, neno moja tu. Shigela akaleta kiti.

Kwenye basi la kurudi nilimwegemea na tope lake lote. Nilimnong'oneza jambo sikioni. Nitaliandika hapa kwa sababu hapa ni pangu: nilimwambia kwamba siku ya harusi nilimpenda kama mtu anayesikiwa na wote, lakini leo nimeolewa na mwanamume aliyenyamaza, na huyo ni wangu peke yangu.

Jumatano, 18 Desemba

Furaha tupu. Mama alikwenda mashineni leo, Shigela amepiga simu kusema.

Jumamosi, 21 Desemba

Redio ya jirani ndiyo iliyoanza, kisha yetu. Nilikuwa nakaanga samaki. Ilikuwa fainali ya ligi, mvua ikasimamisha mchezo mapema, na Bwana Dionis alikuwa amealika watu wa Dar wasikilize kwa simu.

Octavian alianza na mawingu. Halafu akasema, "Wasikilizaji, mnataka kujua Kabula alinifanya nini?"

Niliondoa sufuria motoni.

Alisimulia Jumapili ile yote kama mechi. Mlango umefungwa. Mkwe ameingia uani, amekaa, vijiti vyake vitatu ni aibu, njaa na baridi. Mvua inarusha. Watoto wanarusha. Mkwe anazuia. Alilitaja jina la Mama mwanzoni, katikati na mwisho. Alimwelezea anavyotembea, khanga aliyovaa, anavyoangalia pembeni. Nyuma yake nilisikia uwanja mzima unacheka, wanapiga madebe. Alisimulia vizuri. Mungu wangu, hajawahi kusimulia vizuri namna hiyo.

Kisha akafika kwenye basi. Alibana pua akafanya sauti ndogo, ya kike, ya kulegea, akasema maneno yangu. Yote. Yale niliyomnong'oneza. Hakuacha hata moja, na kwenye "wangu peke yangu" akangoja watu wacheke kwanza ndipo akamalizia.

Shangazi Apolinaria alitoka sebuleni, akaizima redio. Ya jirani iliendelea. Akavuka uani bila kuvaa kandambili, nikamsikia akimwambia jirani azime, na jirani akabisha, na shangazi akasema maneno ambayo sitayaandika. Ikazimwa. Aliporudi alisema, "Samaki wako wataungua hata nje ya moto kama utasimama hivyo." Nikasimama hivyo hivyo.

Octavian alirudi anang'aa. Dar wamemkubali. Alinikumbatia kabla hajaniangalia. Nilimwambia nimesikia. Alisema, "Ulisikia walivyonyamaza kwenye ile ya basi, kabla ya kucheka?"

Alidhani hilo ndilo ningefurahia. Nilimwuliza kule uani, mvuani, midomo ilipokuwa inatikisika, alikuwa anajizuia kusema au alikuwa anajitungia. Hakunidanganya, hilo namshukuru. Alisema, "Vyote viwili." Alisema hawezi kuona kitu bila kukitangaza kichwani, ndivyo alivyo tangu ng'ambo ya ule ukuta, na nilimpenda nikijua. Nikamwambia nilijua ana mdomo. Sikujua kwamba sikio lake pia ni la redio. Akakasirika. Alisema nimesoma mpaka kidato cha nne lakini nafikiri kama washamba wa Kigwa. Nikamrushia mwiko. Ulimkosa.

Jumapili, 22 Desemba

Nimefunga nguo zangu. Octavian yuko studio, anarekodi kipande kile tena kwa ajili ya Dar. Shangazi alinyoosha mkono akataka ufunguo wa nyumba, nikampa. Halafu akabeba begi langu kubwa mpaka kituoni, akampigia kelele kondakta alipotaka kuliweka juu ya kuku.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mama hakwenda kanisani. Nami sikwenda. Tulipika wali tukala wawili, Shigela na familia yake walikula kwao.

Jumamosi, 28 Desemba

Mvua. Palizi. Mpini wa jembe umenitoa malengelenge. Watoto wanaimba jina langu sasa nje ya uzio, Paskazia, kwa pua.

Jumapili, 5 Januari

Amekuja.

Hakuingia. Shigela alimwambia akivuka uzio atavunjwa mguu, naye akasimama upande wa pili wa minyaa, mimi upande huu. Amevaa koti jipya. Alisema anaondoka Alhamisi kwa treni. Amepewa nyumba ndogo, ina bomba ndani. Aliomba radhi, na aliomba vizuri, sitamnyima haki yake: alisema alimchukua Mama akamfanya kelele za watu, na mimi akanifanya kicheko, na kwamba nyumba bila mimi imekuwa kama uwanja baada ya watu kuondoka. Alisema kila neno lililopaswa kusemwa. Mwezi wa kumi na moja ningepita katikati ya hiyo minyaa na utomvu wake wote nimfuate.

Hata leo nilitaka. Naandika ukweli. Nilimtazama shingo yake, pale koti linapoishia, nikataka.

Nikamwambia nitakwenda naye Dar. Ila nina sharti moja tu. Kinachosemwa kati yetu kiishie kati yetu. Jina la Mama lisitoke tena mdomoni mwake, wala maneno yangu, wala siku ile ya uani, wala hii ya leo, tunavyosimama hapa.

Alikubali la kwanza upesi. Akakubali la pili. La siku ya uani alivuta pumzi, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaangalia minyaa, akaangalia tope kati yetu, dirisha la Mama, khanga yangu iliyochanika kwa palizi.

"Hata hii?" akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeombwa auze ng'ombe wake wote na anabembeleza abakiziwe mmoja. Midomo yake ilikuwa inatikisika kidogo.

Nikamwambia, "Nenda Dar, Octavian."

Alibaki kidogo, labda akitafuta la kusema, labda akilipanga. Kisha nikaona koti lake likishuka kuelekea kituo cha basi, akikwepa madimbwi.

Nilirudi ndani. Mama alikuwa amesikia sauti, asingeweza kukosa kusikia, lakini maneno hayafiki mpaka kule anakokaa. Aliniangalia usoni, akanisogezea ungo wa maharage ili tuchambue pamoja. Hakuniuliza amesema nini, nami sikumtangazia.